Mwenye Baiskeli Naye Ana Haki ya Njia

Wahenga walinena, "Mwenye nguvu mpishe." Ni maneno ya busara kwa mtu aliye peke yake na asiye na wa kumtetea. Lakini maneno hayo yakifanywa kuwa sheria ya barabara, huwa hukumu ya kifo juu ya mnyonge. Leo tunapenda kusema na askari wetu, wa Jeshi na wa Polisi, juu ya mtu ambaye kila asubuhi na kila jioni hulazimika kumpisha mwenye nguvu hata akaingia mtaroni. Mtu huyo ni mwendesha baiskeli wa jiji la Kampala, na hasa yule apitaye Kyambogo.

Pengine wako watakaouliza kwa nini ukurasa unaosomwa na watu wenye dhamana ya kulinda mipaka na amani ya nchi ushughulike na jambo dogo kama baiskeli. Tunawajibu kwa hesabu. Taarifa za kila mwaka za Polisi ya Uganda zaonyesha kwamba ajali za barabarani ziliua watu 4,534 mwaka 2022, watu 4,806 mwaka 2023, na watu 5,144 mwaka 2024. Jumla ya miaka hiyo mitatu ni watu 14,484. Mwaka 2024 peke yake ulikuwa na wastani wa maiti 14 kwa siku, siku za kazi na siku za sikukuu. Lau adui angevuka mpaka na kuua raia 14 kila siku kwa mwaka mzima, hapana kamanda ambaye angeliita jambo hilo dogo.

Tena Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote, na zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Hao ni watu wasio na bati la kuwakinga wala mkanda wa kuwafunga. Wakigongwa, mwili wao ndio unaopokea pigo lote. Kwa hiyo tunapoitazama barabara kwa jicho la askari, twaona pande mbili zisizolingana kabisa, upande mmoja una tani za chuma na mwingine una mfupa na nyama. Na kazi ya askari tangu zamani ni kusimama mahali ambapo pande mbili hazilingani.

KILIMA NA BARABARA

Kyambogo si mahali pageni kwa wasomaji wetu. Ni kilima kilichoko katika tarafa ya Nakawa, kiasi cha kilomita 8 mashariki ya katikati ya jiji. Makao makuu ya Polisi yako jirani pale Naguru, na kambi ya Mbuya haiko mbali. Juu ya kilima kipo Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha vyuo vitatu: chuo cha ufundi, chuo cha ualimu, na chuo cha elimu ya watu wenye mahitaji maalumu. Chini yake yako makazi ya Banda. Upande wa pili ziko Ntinda na maduka yake, na mbele kidogo ni Kireka. Na hapo chini ya kilima yapita Barabara ya Jinja, ambayo ndiyo njia ya kwenda Malaba na hatimaye bandari ya Mombasa.

Basi katika kipande hicho kimoja cha nchi hukutana malori yenye makontena, teksi zinazogombea abiria, pikipiki za bodaboda zisizohesabika, magari ya Serikali, wanafunzi kwa maelfu, na mtu wa baiskeli. Huyu wa mwisho ndiye ambaye hakuna aliyemwekea nafasi. Lami ni ya magari. Kando ya lami ni ya teksi zinaposimama. Njia ya miguu, pale ilipo, imejaa wachuuzi na waenda kwa miguu. Kilichobaki ni ule ukingo mwembamba kati ya lami na mtaro, ambao mara nyingi umemomonyolewa na mvua ukaacha kidaraja kikali. Gurudumu la baiskeli likidondoka hapo halirudi juu kwa urahisi. Mwendeshaji huanguka, na mara nyingi huangukia upande wa magari.

Ni nani huyu mwenye baiskeli? Tumtazame vizuri kabla ya kumhukumu. Ni mchuuzi aliyefunga ndizi au makaa kwenye keria yake, aliyeondoka kwake kabla ya alfajiri ili afike soko la Nakawa bei ikiwa bado nzuri. Ni kibarua wa viwandani ambaye nauli ya kwenda na kurudi ingemla sehemu kubwa ya ujira wake wa siku. Ni fundi mwenye sanduku la vyombo, ni mlinzi atokaye zamu ya usiku, ni mwanafunzi aliyepanga chumba Banda. Waganda waliipa baiskeli jina la "maanyi ga kifuba," yaani nguvu za kifua. Jina hilo limesema kweli yote, kwamba chombo hiki hakiendi kwa petroli ya mtu mwingine bali kwa pumzi ya mwenyewe.

Mtu wa namna hiyo yafaa aheshimiwe, kwa maana hamwombi mtu yeyote kitu isipokuwa upana wa mita 1 hivi wa kupita.

AJALI INA KINGA

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Sisi hatukubaliani na matumizi ya maneno hayo yanapofanywa kisingizio. Ajali nyingi za baiskeli hutokea kwa njia zinazojulikana, na jambo lenye njia inayojulikana laweza kuzuiwa.

Mwenye baiskeli apandapo kilima na mzigo huenda polepole sana, na kadiri aendavyo polepole ndivyo usukani unavyoyumba. Hawezi kwenda mstari mnyoofu kama gari. Dereva anayempita kwa nafasi ya shubiri moja anamtegea kifo, hata kama hakumgusa, kwa kuwa upepo wa lori kubwa watosha kumwangusha. Dereva apigaye honi kali mgongoni mwake humshtua na kumfanya ageuke, na kwa kugeuka huko usukani hufuata kichwa. Mwenye baiskeli ateremkapo kilima hicho hicho ana shida nyingine, kwa sababu breki za mpira zikilowa mvua hazishiki vizuri, na mzigo ulio nyuma humsukuma. Teksi ikisimama ghafla mbele yake, au ikifungua mlango bila kutazama, hana pa kwenda.

Halafu uko mwendo. Elimu ya fizikia yatufundisha kwamba mwendo ukiongezwa mara mbili, nguvu ya pigo huongezeka mara nne. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa halipigi mara mbili ya gari liendalo kilomita 30. Lapiga mara nne. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuvunjika mguu na kuzikwa. Kwa hiyo askari wa usalama barabarani anayemzuia dereva wa mwendo kasi mbele ya lango la Chuo au karibu na shule hafanyi kazi ya kuudhi watu, bali amesimama kati ya mtu na kaburi lake.

Giza nalo lina sehemu yake. Baiskeli nyingi mjini hazina taa, na hata kioo cha nyuma cha kuakisi mwanga kimevunjika zamani. Saa moja ya jioni, mvua inaponyesha na taa za magari zinapong'aa machoni, mtu aliyevaa nguo nyeusi juu ya baiskeli nyeusi haonekani mpaka amekwisha kukaribiwa mno. Hapa kosa ni la mwenye baiskeli mwenyewe, nasi hatutamficha. Lakini kosa la kukosa taa dawa yake ni taa, wala kifo si adhabu yake.

CHOMBO KILICHOJENGA NCHI

Wapo wanaodhani kwamba baiskeli ni alama ya umaskini, na kwamba jiji lililoendelea halina budi kuiondoa barabarani. Hao wameisahau historia ya nchi yao. Baiskeli ilifika Uganda katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na wakulima wa pamba na kahawa walipopata fedha, ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza walivyovinunua. Kwa miaka mingi baiskeli ndiyo iliyobeba mazao mpaka sokoni, wagonjwa mpaka zahanati, na bibi arusi mpaka nyumbani kwa mumewe.

Hata neno "bodaboda," ambalo polisi wetu wa trafiki hulitamka mara mia kwa siku, lilizaliwa juu ya baiskeli. Kule Busia, kwenye mpaka wetu na Kenya, vijana wenye baiskeli walikuwa wakiwavusha watu na mizigo katika nafasi iliyo kati ya vituo viwili vya mpaka, wakiita abiria kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Pikipiki zilikuja baadaye zikarithi jina na kazi.

Tena kila mara nchi ilipobanwa, ilikuwa ni baiskeli iliyobaki barabarani. Mwanzoni mwa mwaka 2008, machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya yalipokata njia ya mafuta kutoka pwani, magari yetu yalikauka. Machi 2020, Serikali ilipositisha usafiri wa umma na kisha magari ya binafsi ili kuzuia korona, watu wengi wa Kampala walirudia miguu yao na baiskeli zao. Januari 2022, malori yalipokwama Malaba na Busia, bei ya petroli katika baadhi ya vituo ilipita shilingi 10,000 kwa lita. Nyakati zote tatu, mwenye baiskeli alikwenda kazini kama kawaida. Nchi isiyo na bandari, inayopokea mafuta yake kutoka mbali, haina sababu ya kukidharau chombo kisichohitaji hata tone moja la mafuta hayo.

Askari naye asidhani kwamba baiskeli haina nafasi katika taaluma yake. Mwaka 1897, askari weusi 20 wa Kikosi cha 25 cha Jeshi la Marekani, wakiongozwa na Luteni James Moss, waliendesha baiskeli kutoka Fort Missoula, katika jimbo la Montana, mpaka mji wa St. Louis, safari ya kiasi cha kilomita 3,000, wakiwa na silaha na chakula chao, katika muda wa siku 40 hivi. Walipita milima, matope na mchanga. Desemba 1941, majeshi ya Japani yaliposhuka Malaya, maelfu ya askari wao walisonga mbele kwa baiskeli kupitia njia za mashambani, na tairi zilipopasuka waliendelea juu ya rimu tupu. Tarehe 15 Februari 1942 Singapore, ngome iliyodhaniwa haitekwi, ilisalimu amri. Na mwaka 1954, wapiganaji wa Vietnam waliizingira ngome ya Wafaransa pale Dien Bien Phu wakiwa na misafara ya baiskeli zilizoimarishwa kwa mianzi, kila moja ikisukumwa na mzigo wa zaidi ya kilo 200. Wafaransa walikuwa na ndege, lakini tarehe 7 Mei ngome hiyo ilianguka.

Hatusemi hayo ili askari wetu waache magari yao. Twayasema ili afisa yeyote anayecheka aonapo baiskeli ajue kwamba majemadari wakubwa kuliko yeye hawakuicheka.

VIZUIZI VINAVYOTAJWA

Kizuizi cha kwanza kinachotajwa ni vilima. Ni kweli kwamba Kampala ni mji wa vilima, na kupanda Kyambogo kutoka Banda si mchezo. Lakini Kigali nayo ni mji wa vilima, na mwezi Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Tangu mwaka 2016 mji huo umekuwa na siku maalumu ambazo baadhi ya barabara hufungwa magari, na wananchi hutembea, hukimbia na kuendesha baiskeli. Zaidi ya hayo, baiskeli yenye gia huushinda mteremko mwingi, na pale inaposhindwa, mtu hushuka akaisukuma dakika chache. Kutoka Kyambogo mpaka katikati ya jiji ni kilomita 8. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, ambao si wa haraka, hiyo ni safari ya zaidi kidogo ya nusu saa. Yeyote aliyewahi kukaa ndani ya teksi katika msongamano wa Nakawa jioni anajua kama nusu saa ni nyingi au ni kidogo.

Kizuizi cha pili ni fedha ya kujengea njia. Hapa tunakubali kwamba barabara nzuri hazijengwi kwa maneno. Hata hivyo mwanzo umekwisha kufanywa. Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini mwaka 2012, na Mamlaka ya Jiji la Kampala ikatengeneza njia ya majaribio ya waenda kwa miguu na baiskeli katika barabara za Namirembe na Luwum. Wataalamu wetu wa upangaji miji, na miongoni mwao Amanda Ngabirano, mhadhiri wa Makerere, wamelipigania jambo hili kwa miaka mingi. Kule Dar es Salaam, wananchi wenyewe walianzisha Umoja wa Waendesha Baiskeli, UWABA, wakadai nafasi yao barabarani, na barabara za mabasi ya mwendo kasi yaliyoanza kazi mwaka 2016 zina vipande vilivyotengwa kwa baiskeli.

Lakini njia iliyotengwa bila mlinzi haikawii kugeuka maegesho ya magari, au uwanja wa pikipiki zinazokwepa foleni. Mhandisi huchora mstari, wala mstari haujilindi. Hapo ndipo kazi ya mhandisi inapoishia na kazi ya askari inapoanza.

Kizuizi cha tatu ni utovu wa nidhamu wa waendesha baiskeli wenyewe. Wapo waendao kinyume cha njia, wapo wanaoshikilia nyuma ya malori wakati wa kupanda kilima, wapo wanaobeba mzigo mpana kuliko gari dogo. Hayo ni makosa na yaonywe. Lakini kosa la mmoja halifuti haki ya wote. Hatujapata kusikia kwamba kwa sababu madereva wengine ni walevi, basi magari yote yafukuzwe barabarani.

MWITO WETU

Katiba yetu ya mwaka 1995, katika Ibara ya 212, yataja kazi za Polisi, na ya kwanza kati ya hizo ni kulinda maisha na mali. Mwenye baiskeli ana vyote viwili, maisha yake na baiskeli yake, ambayo mara nyingi ndiyo mali kubwa aliyo nayo. Kwa hiyo tunatoa mwito ufuatao.

Kwanza, kwa polisi wa trafiki. Tunaomba kwamba katika saa za asubuhi na za jioni, pale ambapo njia ya kilimani hukutana na Barabara ya Jinja, mwenye baiskeli ahesabiwe kuwa msafiri kamili. Askari anaposimamisha magari ili kuruhusu upande mwingine, amtazame naye na ampe muda wa kupita, kwa kuwa haondoki upesi kama pikipiki. Teksi inayosimama katikati ya njia ili kupakia watu haimzuilii mwenye gari peke yake. Humsukuma mwenye baiskeli mpaka katikati ya malori. Kosa hilo liadhibiwe kwa kuwa ni la hatari, si kwa kuwa linachelewesha wakubwa.

Pili, kwa madereva wa magari ya Jeshi na ya Polisi. Raia hujifunza zaidi kwa kuona kuliko kwa kuambiwa. Lori la Jeshi likimpita mwenye baiskeli kwa nafasi ya mita 1 na nusu, au likingoja nyuma yake mpaka njia iwe wazi, madereva kumi walio nyuma wamepata somo bila hotuba. Likimtupa mtaroni, wamepata somo pia. Ving'ora na taa za dharura vina kazi yake, na kazi hiyo si kumfikisha mtu nyumbani kwake kabla ya wenzake. Nidhamu ya jeshi la wananchi haipimwi uwanjani pa gwaride tu. Yapimwa pia hapo barabarani, ambapo hakuna afande anayetazama.

Tatu, kwa wakuu wa vituo. Baiskeli iliyokamatwa kwa sababu ya kosa au ajali ni kielelezo, wala haifai kuachwa ikaota kutu uani. Kila siku inayokaa kituoni, kuna nyumba ambayo haikupata chakula chake cha siku hiyo. Shauri likimalizika, mali irudishwe kwa mwenyewe upesi, kwa maandishi, na bila kudaiwa "kitu kidogo." Askari achukuaye hongo ya mchuuzi wa makaa anaiba katika sufuria ya watoto, na aibu yake huenea mpaka kwa wenzake walio waaminifu.

Nne, kwa makamanda. Twapendekeza kwamba doria za baiskeli zifikiriwe kwa moyo mkunjufu katika mitaa kama Banda, Ntinda na Kinawataka, ambako vichochoro havipitiki kwa gari. Polisi wa mji wa Seattle, Marekani, walianzisha doria za namna hiyo mwaka 1987 baada ya kuona kwamba magari yao yanakwama katika msongamano, na miji mingi imewaiga tangu hapo. Askari wa baiskeli hufika upesi, hufika bila kelele, husalimiana na wananchi uso kwa uso, na mwili wake hubaki imara. Vivyo hivyo, kila kambi na kila kituo kiweke mahali pa kufungia baiskeli, penye paa, ili askari wa cheo cha chini anayekaa mbali asione haya kuja kazini kwa nguvu za kifua chake.

Tano, kwa wakazi wa Kyambogo na kamati zao za mitaa. Wasingoje Serikali ifanye kila kitu. Kuzibua mtaro, kuziba kidaraja kilichomomonyoka, kukubaliana na wenye teksi juu ya mahali pa kusimama, na kupeleka maombi yaliyoandikwa vizuri kwenye tarafa ya Nakawa ni kazi zilizo ndani ya uwezo wa mtaa. Chuo Kikuu nacho, chenye urithi wa karakana za ufundi na wa elimu ya watu wenye ulemavu, kina nafasi njema ya kuwasaidia majirani kwa keria imara, kwa taa za bei nafuu, na kwa baiskeli za magurudumu matatu ambazo huendeshwa kwa mikono.

Sita, kwa waendesha baiskeli. Funga taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Vaa kofia ngumu ukiweza kuipata, na nguo inayoonekana. Jaribu breki kabla ya kushuka kilima, si katikati ya kilima. Shika upande wa kushoto, wala usishikilie lori. Atakaye haki na atimize wajibu.

INAWEZEKANA

Yupo atakayesema kwamba haya ni ndoto, na kwamba barabara ya Kampala haiwezi kumpisha mnyonge. Sisi twajua kwamba inaweza, kwa maana tumeiona ikifanya hivyo. Kila mwaka, mwezi Juni ukaribiapo, mahujaji kwa maelfu huenda Namugongo kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda. Wengi wao huenda kwa miguu kutoka mbali, na wengi hupita njia hii hii ya Kyambogo, Banda na Kireka. Polisi na Jeshi hujipanga barabarani. Magari huzuiwa au huelekezwa kwingine, na mzee mwenye bakora hupita katikati ya lami bila hofu, huku dereva wa gari la thamani kubwa akingoja. Hapana anayelalamika kwamba mwenye nguvu amepishwa na asiye na nguvu. Kila mtu huona kwamba ni haki.

Na sikukuu hiyo huangukia tarehe 3 Juni, ambayo Umoja wa Mataifa, kwa azimio la Baraza Kuu la mwezi Aprili 2018, uliifanya pia kuwa Siku ya Baiskeli Duniani. Hatuombi kwamba barabara ifungwe mwaka mzima. Twaomba kwamba askari yule yule aliyemlinda hujaji tarehe 3 amkumbuke mchuuzi wa makaa tarehe 4, wakati umati umekwisha kutawanyika na malori yamerudi barabarani.

Kwa mtu asiye na wa kumtetea, methali ya "mwenye nguvu mpishe" itabaki kuwa busara. Lakini nchi iliyoajiri askari, ikampa sare, kiapo na mshahara kutoka kwa kodi ya wachuuzi na vibarua, imekwisha kuamua kwamba mnyonge wake hatakuwa mtu asiye na wa kumtetea. Kila mwenye baiskeli anayefika kwake Kyambogo salama jioni ni ushahidi kwamba uamuzi huo ungali unatekelezwa. Nasi twawaomba askari wetu wautekeleze kesho asubuhi, kuanzia na baiskeli ya kwanza watakayoiona.